Simu ya Adhuhuri

Tangu vita hivi vianze, hakuna rubani anayetangazwa kupotea. Ndege yake ikizama baharini, mtambo wa jeshi hupiga simu nyumbani kwake kila adhuhuri ukiiga sauti yake, na mkewe haruhusiwi kukaa eda.

Ndege ya mume wangu Mshamu ilizama Jumatatu ikiwinda meli za adui. Fundi wa kambini alininong'oneza habari hiyo. Mamake Mshamu hajui. Leo Alhamisi sauti ilipompigia kuulizia mchuzi wa papa, alifungua spika, akacheka. Nikainamia sufuria nifiche machozi.

Simu yangu nayo ikaita. Nilisikia maji kwanza.

"Zuhena, tuko kwenye mtumbwi wa mpira. Mbona hamji kututafuta?"

Nyuma yangu sauti ileile ilimwambia mama asisahau ukwaju.

"Zuhena," Mshamu akanong'ona, "anayeongea na mama ni nani?"