Vikovu Vitano

"Mama, ulishawahi fanyiwa operesheni ya tumbo?" Daktari Njoroge aliuliza, mara ya tatu tangu Jumatatu.

Scovia alimtupia jicho mumewe. Gakwaya alikuwa palepale kando ya kitanda, amemshika mkono.

"Hapana, dokta."

"Na hivi vikovu vitano?"

"Ni chale. Bibi alinipeleka kwa mganga nikiwa mdogo."

Uongo mtupu, tena wa kijinga. Miaka miwili iliyopita aliaga kwamba anafuata vitenge India. Huko akapunguzwa tumbo kwa upasuaji. Mwili ulipopukutika, alisimama kanisani Kinyinya akashuhudia kwamba ni mfungo na maombi. Gakwaya alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Sasa utumbo ulikuwa umeziba. Alitapika kijani, na picha ya eksirei haikuonyesha sababu. Kule India walimpa kadi ya kumwonyesha daktari yeyote siku akiumwa hivi. Aliificha ndani ya jalada la Biblia yake. Jana alimtuma mdogo wake, Umuhoza, akailete.

"Dada, hakuna kitu mule," Umuhoza alimnong'oneza aliporudi.

Basi ilibaki kusema kwa mdomo, na mumewe habanduki.

"Nenda basi unywe chai, Baba Kaliza."

"Siendi popote, Mama Kaliza. Chai iko tu, itaningoja."

Wauguzi walimsifu: mume wa namna hii anapatikana wapi? Scovia alimlaani kimoyomoyo, kisha akajichukia kwa kumlaani.

Alhamisi asubuhi maumivu yalikatika ghafla. Alidhani amepona, hata akatabasamu. Daktari Njoroge alimbonyeza tumbo, likawa gumu kama ubao, na uso wa daktari ukabadilika. Hapo Scovia akaogopa kufa kuliko alivyoogopa aibu.

"Dokta, nilidanganya," alisema huku analia. "Nilipasuliwa India. Walikata tumbo, wakaliunga na utumbo. Baba Kaliza, nisamehe."

"Si ungesema Jumatatu, mama!" Daktari alifoka, akawaita wauguzi wamkimbize chumba cha upasuaji.

Gakwaya aliuachia mkono wa mkewe kwa mara ya kwanza. Akaingiza vidole katika mfuko wa shati, akatoa kadi iliyolowa jasho, akampa daktari.

"Nilitaka aniambie mwenyewe," alisema.