Shati Ndani ya Mfuko

Homa ya mafua ilipomwacha mjane, iliondoka na pua yake. Akawa anakula ilimradi tumbo lijae. Chai na maji ya moto kwake ni mamoja. Kilichomkata maini ni shati la marehemu mumewe, alilolifungia ndani ya mfuko wa plastiki bila kulifua, ili harufu yake isipotee.

Leo alifungua fundo, akazamisha uso humo. Patupu. Kola ilikuwa na unyevu. Akadhani ni machozi yake.

Akamwita bintiye; walikuwa wamebaki wawili tu nyumbani.

“Hebu ninusie, mwanangu. Baba yako bado yumo?”

Binti akanusa, akarudisha kichwa nyuma ghafla.

“Mama, hili jasho la leo. Shati kalivaa nani?”