Aliyefunga Kikombe cha Shaba

Nati ilikataa. Mashoto aliigonga nyundo mara tatu, akailalia spana kwa uzito wake wote, na bado ilikataa.

Alikuwa kifudifudi nyuma ya injini ya mashua kuukuu ya matanga, shavu lake limegusa mbao zilizonuka dizeli. Nje, mashua ilisimama juu ya mchanga mtupu, imeegemezwa magogo huku na huku. Maji yaliyokupwa asubuhi yalikuwa yanarudi. Yakifika kwenye propela kabla hajaziba tundu la shafti, mashua ingejaa maji mbele ya macho ya watu.

Na watu walikuwepo. Aliwaita mwenyewe.

"Mashoto! Umelala humo?" Nyapara aliita kutoka juu. Alikuwa mstaafu sasa, ana meno ya kununua na fimbo nene kama shafti, lakini sauti ya kufokea watu hakuirudisha stoo.

"Vumilia, mzee wangu. Miaka kumi na tisa umeweza, dakika kumi zitakuua?"

Mafundi wakaangua kicheko. Wao ndio waliokuwa wakimwita kwa jina hilo, kwa kuwa gudi zima la kutengenezea mashua lilikuwa na mtu mmoja tu aliyeshika spana kwa mkono wa kushoto, naye alikuwa mwanamke.

Miaka kumi na tisa. Mashua hii ilizama gatini, siku mbili tu baada ya kutoka gudini. Baba yake Mashoto alikuwa amemwonya tajiri mwenye mashua mapema: bomba la mpira la injini limeoza, libadilishwe. Tajiri akasema litavuka msimu. Mashua ilipokwenda chini, tajiri huyohuyo akanyoosha kidole kwenye kikombe cha shaba, pale shafti inapopenya kwenda nje, pale kamba yenye grisi inapoizuia bahari isiingie. Fundi alifunga ovyo, akasema. Bomba likasahauliwa. Kikombe nacho hakuna aliyekifungua kutazama. Neno la mwenye mali lilikuwa ushahidi, la mwenye spana likawa kelele.

Wiki ile Mashoto, akiwa bado anajifunza kazi, na baba yake walikuwa wamefunga vikombe vya mashua sita, wakipokezana hata Mashoto akasahau nani alifunga kipi. Nyapara aliwasimamisha wote wawili mbele ya meza.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi," alisema baba yake, kabla Mashoto hajainua kichwa.

Neno moja! Hakutaja bomba, hakutaja onyo, hakuomba hata kikombe kifunguliwe. Wakaandika jina lake kwenye ubao wa getini kwa rangi nyekundu, na chini yake: HARUHUSIWI. Mvua zilipolififisha, walilipaka upya.

Mashoto hakuwahi kumsamehe kwa upole ule. Yeye hakunyamaza. Kila mkutano wa wafanyakazi alisimama na kusema lilelile: "Baba yangu alionewa. Fungueni mtazame!" Walimzomea, wakamzoea, mwisho wakamkubalia, maana mashua iliyokuwa ikioza uani chini ya turubai tangu iopolewe ilikuwa imepata mnunuzi, mwalimu mmoja aliyetaka kamba itolewe na kuwekwa sili mpya ya mpira. Ikikutwa imefungwa kifundi, jina lingefutwa leo hiihii. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa tayari getini.

Asubuhi, alipompa baba yake habari hiyo, mzee aliacha kutafuna.

"Kazi hiyo mpe mwingine."

"Kwa nini, baba?"

"Vitu vingine, mwanangu, huachwa vikazama."

"Sasa hata kusafishwa unaogopa?"

Mzee akaomba sukari. Chai ilikuwa na sukari tayari.

Spana ikashtuka. Nati iligeuka.

"Utajuaje kama ni kazi nzuri?" fundi mmoja alimuuliza Nyapara huko juu.

"Fundi huikata kamba iwe pete, moja moja, na viungo vyake havipangwi mahali pamoja. Mbumbumbu huingiza kamba nzima, akaizungusha kama kilemba. Na kilemba humtaja aliyekifunga."

Mashoto akaingiza ndoano ya chuma ndani ya kikombe, akavuta. Alitarajia kipande kifupi kisichotimia shubiri.

Kilikuja. Kikaendelea kuja.

Shubiri moja, mbili, tatu. Kamba nzima, haina kiungo, imejikunja kama mkia wa kinyonga.

Maji yaligusa mbao kwa nje. Kisu kilikuwa kiunoni. Mikato minne tu, na baba yake angekuwa na pete tano na jina jeupe. Alikichomoa. Akakumbuka ni nani aliyepiga kelele miaka yote ile: fungueni mtazame.

Akakirudisha.

Akaisukuma sili mpya kwenye shafti, akakaza vibano vyake viwili, akarudisha boliti za kuunganisha shafti na injini, alizozifungua mwanzo, moja baada ya nyingine. Maji yakapanda juu ya propela. Halikupenya hata tone.

Alipotoka, mafundi walisogea kuona. Alimkabidhi Nyapara kamba, akasimama.

Nyapara aliipangusa grisi. Akaizungusha kwenye fimbo yake, kuelekea kulia. Kamba ikakataa, ikafyatuka. Akajaribu tena. Ikafyatuka tena. Kisha, taratibu, akaigeuza kuelekea kushoto, nayo ikajilaza yenyewe, mzunguko juu ya mzunguko.

Nyapara akainua macho kutoka kwenye fimbo hadi kwenye mkono wa Mashoto, ule ulioshika spana.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi."