Mguu Usio na Kiatu

Taa ya kuonya kuwa mafuta yanaisha iliwaka garini tukiwa tunapanda mlima, na hospitali bado iko mbali. Kwenye kiti cha nyuma, mke wa mjukuu wangu alinibana mkono kwa uchungu wa kuzaa, akamfokea mumewe aliyeshika usukani.

"Kanyaga, Risasi! Si ulisema gari lako linapaa?"

"Nikikanyaga litayanywa mafuta yote, mke wangu. Hatutafika."

Mjukuu wangu, ambaye hajawahi kukubali kupitwa na mtu, akazima kiyoyozi na kupunguza mwendo. Alikuwa amevua kiatu. Unyayo wake uligusa pedali taratibu, kama mtu anayegusa utosi wa mtoto.

Kigari kidogo cheupe kikatupita, kikatupigia honi ya dhihaka. Risasi akakiacha kiende zake.

Kwenye mteremko gari likajiendea lenyewe hadi mlangoni pa hospitali. Hapo likakohoa, likazimika. Wauguzi wakatukimbilia.

Baadaye, nje ya wodi, tulisikia kilio chembamba, kikali, cha mtu mpya. Risasi akaketi sakafuni, mguu mmoja bado mtupu, akicheka na kujifuta machozi.

"Bibi," akaniuliza, "vile vigari vyeupe visivyo na kiu ya mafuta vinauzwa wapi?"