Uzito wa Birika la Chai
Kazi isiyoingizwa kwenye ratiba ya awamu ya wiki mbili haifanyiki; hata jiko haliwaki. Ndiyo maana, kila awamu inapoanza, Bi Tunu na mumewe, Mzee Kibwana, huketi mbele ya ubao wa ukutani kuzipima kazi zao. Ubao hutaja kazi, nao huinua vidole kwa pamoja kuonyesha uzito wake. Wakipishana sana, huja mkaguzi, na aliyeelemewa huhamishiwa Nyumba ya Mapumziko. Jirani yao alipelekwa huko mwaka juzi, na ni Bi Tunu anayeumwagilia mchicha wake mpaka leo.

"Kupiga pasi," ubao ulianza.

Mzee akainua vinne, Bi Tunu vitatu.

"Uvivu huo, Baba Salha."

"Si uvivu, mke wangu. Ni hayo magauni yako ya marinda."

"Kuchemsha chai ya asubuhi."

Hiyo ilikuwa kazi ya mzee tangu waoane, na siku zote ilikuwa ya kidole kimoja. Leo aliinua vitano, vinatetemeka. Bi Tunu akakunjua kiganja chake haraka. Vitano.

"Birika lenyewe zito hilo," akasema. Ubao ukapokea.

"Kutunga uzi kwenye sindano."

Hiyo ilikuwa kazi ya Bi Tunu. Akainua vitatu. Akamwona mumewe anauchungulia mkono wake kwanza, ndipo naye akainua vitatu. Bi Tunu akakumbuka kwamba awamu iliyopita pia mzee alichelewa hivyo hivyo, na ile ya kabla yake.

 Kwenye ubao yakatokea maandishi madogo ya njano: Tafadhali inueni kwa pamoja.