Bule wa Kipsing

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni kwa Mama Lul kabla ya adhana ya alfajiri. Mwenda alikisikia akiwa nje ya ua, akamshukuru Mungu. Mama hajaondoka bado.

Kazi ya Mwenda ilikuwa kuongeza watu kwenye mtandao mpya wa kijamii, ule wa blokcheini usio na mwenyewe, ambao neno likishaandikwa halifutiki tena. Wakubwa wake hawakutaka majina tu. Walitaka watu wanaorudi kila siku. Mwenda akagundua kwamba hapa Isiolo, ukimtolea Mwislamu salaam, hawezi kulala bila kuijibu. Basi akatunga wachunga mifugo wa uongo mtandaoni, akawapa majina, na kila alfajiri wakawasalimu watu.

Mmoja alimwita Bule. Mama Lul, muuza maziwa ya ngamia ambaye Mwenda mwenyewe alimsajili sokoni, alijibu siku ya kwanza: "Waaleikum salaam, mwanangu Bule. Uko wapi siku zote hizi?"

Wiki ile idadi ya wanaorudi ilikuwa imeshuka. Mwenda akaandika: "Niko Kipsing na ng'ombe, mama."

Wakaendelea hivyo miezi saba. Mama Lul alimuuliza kama amekula, kama ana blanketi. Kikohozi kilipomshika Mwenda naye akakitaja, aliambiwa achemshe tangawizi. Halafu jana akaandikiwa: "Kesho alfajiri nakuja Kipsing kukuchukua."

Na Kipsing, kule malishoni, wiki hii watu walikuwa wakipigania maji kwa bunduki. Wawili walikuwa wameshakufa. Mwenda aliandika usije, akaandika tena usije. Hakujibiwa.

Akabisha. Aliyefungua ni Abdillahi, kaka yake Mama Lul, fimbo mkononi.

"Mmeru saa hizi? Na hata miraa ya kuuza hukubeba?"

Hakucheka. Mwenda alipoingia, alisikia komeo likirudishwa nyuma yake.

Mama Lul alikuwa ameketi miguu mitupu, simu mapajani. Hakukuwa na mzigo wa safari popote. Vikombe vilivyokuwa mezani vilikuwa vitatu. Alimsogezea Mwenda kigoda kilichokuwa karibu na moto, kwa kuwa kulikuwa na baridi.

"Mama, usiende," Mwenda alisema. "Hakuna Bule huko. Ni mimi niliyekuwa nikiandika. Nimekukosea sana."

Abdillahi aliishika fimbo kwa mikono miwili. Mama Lul akamiminia chai kikombe cha tatu mpaka kikajaa.

"Bule, mwanangu wa kumzaa, tulimzika miaka minne iliyopita," alisema. "Nilijua ukisikia naenda kwenye risasi utakuja, nami nilitaka kumwona mtu aliyenisindikiza miezi hii yote. Kunywa, mwanangu, halafu Ijumaa uje tena."