Bwana Shamba wa Tushikane

Landrova ilisikika kabla haijaonekana. Inasio akatupa jembe, akaingia katikati ya mihogo.

"Erasto! Rudi!" Mama Somoe alimwita. "Mgeni wa serikali atapokelewa na nani?"

Kwa miaka miwili kila muungurumo wa gari ulimkimbiza namna hii. Alikuwa amevuka mto Ruvuma akikimbia vita na shamba la pamba la Mreno, akatokea kwenye nyumba sita zilizotawanyika porini, akiwa na njaa. Mama Somoe alitazama viganja vyake vyenye sugu, akauliza, "Wewe ndiye Erasto, bwana shamba tunayeletewa kutoka Mtwara?"

Ugali ulikuwa unafuka mvuke mbele yake.

"Ndiyo, ni mimi."

Wakampa nyumba. Mama Somoe akamletea shati la kaki na buti. Vya marehemu, alisema.

Kesho yake alfajiri alianza kazi, maana mwongo mvivu hugundulika mapema. Alinyoosha mistari kwa kamba, kama alivyofundishwa kwa viboko ng'ambo. Walifyeka pamoja, wakapanda mihogo na mikorosho, wakachimba kisima. Nyumba sita zikawa arobaini. Kijiji wakakiita Tushikane.

Watu walikula wakashiba. Yeye alikula huku akisikiliza barabara. Siku Erasto mwenyewe atakaposhuka garini, itakuwaje? Serikali ingemrudisha vitani. Na hawa waliomwamini, wangemtazamaje?

Mara mbili alifunga kifurushi chake aondoke. Mara mbili, njiani, aliona mche wa mkorosho umenyauka, akarudi kuchota maji.

Sasa gari lilikuwa limesimama. Mama Somoe alimfuata, akamshika mkono, akamtoa mihogoni. Kiganja cha mama kilikuwa kimelowa jasho.

Afisa alikuwa mgeni wilayani. Akafungua jalada. "Ndugu Erasto ndiye wewe?"

Inasio alifumbua mdomo kujibu.

"Ndiye," Mama Somoe akawahi.

"Ndiye huyu!" wakaitikia wanakijiji wa mwanzo, wote kwa pamoja.

Afisa akazunguka shamba, akaonja maji ya kisima, akatikisa kichwa kwa furaha. Akakiandikisha kijiji, akaondoka.

Vumbi halijatulia, Inasio akakaa chini.

"Mama, siwezi tena. Mimi si Erasto. Naitwa Inasio, nimetoka ng'ambo. Nimewadanganya wote. Na mwenyewe iko siku atakuja."

Hakuna aliyeshtuka. Mama Somoe aliwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, nao wakainamisha vichwa.

"Hatakuja, mwanangu," alisema. "Alifika siku nne kabla yako, na homa kali. Tuliogopa serikali ingetulaumu kwa kifo chake, tukamzika sisi wenyewe."